Jani la Isale Lisilo na Mwenyewe

Hapo zamani, wala msitazame mbali, ni zamani ya juzi tu, simu zipo na umeme unakatika kama kawaida yake, palikuwa na nyumba mbili za ndugu wawili kule juu Marangu, na kati ya nyumba hizo palikuwa na ua wa masale. Hapo kwenye masale tegeni sikio. Anayetaka kusinzia asinzie baadaye, maana akipitwa na hapa atanisumbua kwa maswali mpaka mwisho.

Isale ni mmea wa majani marefu, ukiuchomeka popote unashika. Wachagga huupanda mpakani, kila mtu ajue kihamba chake, shamba lake la urithi, kinaishia wapi, na huupanda makaburini pia. Lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Mtu akimkosea mwenzake, akaona mdomo wake hauwezi kusema, huchuma isale, hulipiga fundo, hulipeleka. Na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa. Hata kama mwenzake alimchomea ghala, akiletewa isale anasamehe. Akikataa, ubaya wote unahamia kwake. Ndiyo maana watu wa huko hawalichezei.

Sasa wale ndugu. Mkubwa aliitwa Ndesario, mfugaji, mtu wa maneno machache na shingo ngumu. Mdogo aliitwa Kandaeli, mkulima wa kahawa, mtu wa maneno mengi na shingo ngumu vilevile. Waligombana kwa sababu ya mti.

Pale mpakani palisimama mruka, ule mti mkubwa wa kivuli. Baba yao aliupanda Kandaeli alipozaliwa, na kila mtu akauita mti wa Kandaeli. Kwenye tawi moja baba alitundika mzinga wa nyuki kwa waya, na waya ukalila gome mpaka ukaacha kovu nene, limejikunja kama mdomo uliofumbwa. Baba akafa. Siku moja Ndesario akautazama ule mti, akaona umeinamia zizi lake. Hakumuuliza mtu. Kandaeli alikuwa mnadani. Kurudi, akakuta mti wake uko chini na mibuni yake inapigwa na jua. Kuanzia hapo hawakusalimiana.

Mama yao, Mama Ndesario, alikaa chini kidogo ya nyumba zao, kwenye nyumba ya zamani, pamoja na binti yake wa mwisho, Aikande, fundi cherehani. Na huyu Aikande ndiye tutakayetembea naye, kwa sababu ndugu wakigombana, husemwa, shika jembe ukalime. Yeye jembe hakupewa. Alipewa kupanda na kushuka.

Akipanda kwa Ndesario akasema, "Kaka, maliza jambo hili," Ndesario humjibu bila kuinua macho kwenye majani ya ng'ombe, "Mimi yule nilimbeba mgongoni, nikamfuta kamasi. Simpelekei isale."

Akishuka kwa Kandaeli akasema, "Kaka, maliza jambo hili," Kandaeli humjibu, "Alete isale, hata lililonyauka, nasamehe leo leo. Lakini alete."

Akirudi kwa mama akasema, "Mama, basi hamia kwa mmoja wao," mama humjibu, "Nikihamia kwa mmoja nimemzika mwingine. Siku watakayokula chungu kimoja, nitahamia hata zizini."

Na nyumba ya mama ilikuwa imechoka. Bati lilikuwa limetoboka juu ya kitanda chake hasa. Ndesario alileta mabati mapya. Mama akayakataa, akasema upande wa pili wa bati hauna mtu wa kulishika. Kandaeli akaleta mbao. Akazikataa kwa neno lilo hilo. Masika iliyopita ililowesha godoro, mama akatoka na kikohozi kilichokaa naye mpaka kiangazi. Sasa masika nyingine ilikuwa njiani, na Aikande, kila akisikia mama anakohoa upande wa pili wa ukuta, aliogopa kweli kweli. Alijua kifua kile hakitavuka mvua mbili za namna ile.

Ndipo alipofika mgeni.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Wundanyi, kule Taita, jina lake Wakesho, viatu vimejaa udongo na kucha zimejaa gundi. Akasema mjini Moshi, kwenye ghala la zamani la kahawa, yanaandaliwa maonyesho ya sanaa ya kanda nzima, Taita mpaka Tanga, Upare mpaka Arusha, na sharti ni moja tu: kila kazi itokane na miti na mimea. Yeye alikuwa anatafuta mti uliokufa. Watu wakamwelekeza kwa Ndesario, ambaye nyuma ya zizi lake lile tawi kubwa la mruka lilikuwa limelala tangu siku ya kukatwa. Shoka lilikuwa limemshinda, au moyo ndio uliomshinda, hilo hakusema.

"Chukua," akamwambia Wakesho. "Linanizibia njia ya ng'ombe."

Wakesho akahitaji mtu wa kumshonea magunia ya kufunika kitako cha tawi lisimame. Akaletwa kwa Aikande. Wanawake wawili wakikaa na gunia moja kazi haiwi ya kimya, na Wakesho alikuwa muulizaji. Akauliza juu ya mibuni, akauliza juu ya mfereji, akauliza ule ua wa majani marefu ni wa nini. Aikande akamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Wakesho akaacha sindano.

"Ina maana," akasema, "mtu anaweza kuomba msamaha bila kufungua mdomo?"

"Ndiyo."

"Na mwenzake hawezi kukataa?"

"Hawezi."

"Basi nimeipata kazi yangu. Tawi nalisimamisha tupu. Chini naweka kikapu cha masale. Kila anayeingia, kama kuna mtu aliyemkosea na hawezi kumkabili, anafunga fundo, anatundika. Mti uliokufa unaota majani tena."

"Dada Wakesho," akasema Aikande, "isale si pambo."

"Ndiyo maana nalitaka," akajibu Wakesho.

Aikande akavuta uzi, akaendelea kushona. Asubuhi ya ufunguzi akakata masale kwenye ule ua wa kaka zake, maana ndio uliokuwa karibu, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akashuka nayo Moshi.

Ghala lile, jamani. Aikande alikuwa hajawahi kuona watu wazima wakitazama kuni kwa adabu namna ile. Mzee mmoja wa Upare alikuwa ametengeneza kiti cha mizizi ambacho hakikaliki. Watu walikizunguka wakitafuta pa kukalia, na yeye alicheka peke yake pembeni. Mama mmoja wa Tanga alitundika kitambaa kirefu kilichotiwa rangi kwa magome ya mikoko, na ukikisogelea kilinuka chumvi. Kijana wa Arusha alileta gogo lenye bomba; unaweka sikio, unasikia mchwa wakila ndani.

Aikande akaweka sikio. Akasikia kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, bila kupumzika. Kumbe mti ukifa hauwi kimya. Alitaka kujua wanakula kuelekea wapi, na siku watakapofika mwisho, gogo litasikika vipi. Bibi mmoja wa Rombo akamvuta nguo, naye asikilize. Akasikiliza, akajiinua.

"Hao mbona ninao nyumbani bure," akasema.

Lakini kwa Wakesho mambo yalikuwa mabaya. Tawi lilisimama katikati ya ghala, kubwa, zuri, tupu. Watu walikuja, wakasoma maelezo ukutani, wakaona masale kikapuni, wakarudi nyuma hatua moja. Mikono ikaingia mifukoni. Bwana mmoja wa suti alichukua jani, akalitazama, akamkumbuka mtu, ikaonekana kabisa usoni kwamba amemkumbuka mtu. Akalirudisha taratibu akaenda kunywa soda. Wageni wa mbali walitundika machache. Wenyeji, hakuna hata mmoja.

Mchana ukapita. Waamuzi wa maonyesho, watu watatu wa miwani, walikuwa wameshaanza kuzunguka, na walikuwa kwenye kiti kisichokalika.

"Aikande," akasema Wakesho, sauti imebadilika, "mti wangu ni kibogoyo. Nifundishe fundo."

"Ukitundika mwenyewe yatakuwa yanamwomba nani msamaha?"

"Hakuna. Yatakuwa yanaziba uwazi tu. Nisaidie, dada."

Aikande akakataa kugusa jani. Alichukua utepe wa kitambaa mfukoni, akaonyesha fundo kwa utepe: zungusha hivi, pitisha huku, vuta. Wakesho akafuata kwa isale. Akatundika moja, akatundika la pili, akapanda kwenye kreti na jani jingine mkononi.

"Hili hapa je?"

"Hapana, pale," akasema Aikande, akanyoosha kidole. "Pale kwenye kovu. Pako wazi."

Na kweli palikuwa wazi, Wakesho akalitundika. Lakini sehemu nyingine nazo zilikuwa wazi, na kidole chake kilikwenda pale. Na Aikande alijua tangu jana yake kwamba wakulima wa kahawa wamealikwa kuja kuwapikia wageni kahawa jioni hiyo, na alijua ni mkulima gani kutoka Marangu aliyepewa kubeba birika. Je, alikusudia? Mwenyewe amejiuliza mara nyingi. Kuna vitu mkono unavifanya kabla kichwa hakijaamka, na kichwa kikiamka kinaona aibu kuuliza.

Kandaeli akaja na birika na vikombe. Akamimina huku, akamimina kule, akitania kila mtu, mpaka akafika kwenye lile tawi na kikombe cha Wakesho mkononi. Akasimama. Akaweka birika chini. Akanyoosha kidole akakipitisha kwenye kovu, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyokuwa akifanya utotoni nyuki wakiwa wamelala.

"Huu mti umetoka wapi?" akauliza.

"Marangu," akasema Wakesho. "Nimepewa na mzee mmoja, Ndesario."

"Ametoa mwenyewe?"

"Mwenyewe kabisa. Wala hakunisumbua."

"Na hili isale?"

Waamuzi walikuwa wamefika mgongoni mwa Wakesho, mmoja ameshafungua kalamu. Akamjibu Kandaeli lile jibu alilowajibu watu wote tangu asubuhi, "Ni la yule linayemhusu." Kisha akageuka kwa waamuzi.

Aikande alikuwa amesimama kando ya kile kitambaa cha mikoko. Aliona yote. Aliona kaka yake anavyolivua jani kovuni kwa mikono miwili, na machozi yanamshuka mbele za watu bila kuyafuta. Ilikuwa atembee kidogo tu amwambie, "Kaka, siyo." Hakutembea. Kandaeli akatoka, akapanda pikapu yake, na Aikande akawahi kuruka nyuma kwenye magunia. Birika likabaki sakafuni, na nasikia watu wengine walilizunguka wakidhani nalo ni sanaa.

Kandaeli hakwenda kwake. Alipita penye upenyo wa ule ua, akaingia uwanjani kwa Ndesario kwa mara ya kwanza tangu mti uanguke. Ndesario alikuwa anakatakata migomba ya ng'ombe.

"Kaka," akasema Kandaeli, "nimelipokea."

Ndesario akalitazama jani. Akamtazama mdogo wake, macho mekundu, mashavu maji. Akamtazama Aikande aliyekuwa nyuma yake. Aikande akatazama chini. Panga lilikuwa bado mkononi. Kuku walipita, wakadonoa, wakaondoka. Kisha Ndesario akaliweka panga juu ya gogo, akasogea.

"Karibu ndani, mdogo wangu," akasema. Na walipofika mlangoni akaongeza, kwa shida, neno likitoka kama jino, "Ningekuita kwanza. Tungeukata wote wawili."

Usiku ule wakala chungu kimoja, na kesho yake mbuzi akachinjwa. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka migombani, na radhi ya siku nzima ilikuwa imekaa kwenye moshi wa chungu kimoja. Mama Ndesario akapandishwa taratibu, ameshika fimbo upande mmoja na Aikande upande mwingine, akakalishwa kwenye kigoda mlangoni mwa Ndesario. Ndani hakuingia bado. Kwenye ukoo ule kuna desturi: mbuzi wa mapatano, kidari chake hapewi mkubwa wala hapewi mgeni. Hupewa yule aliyeleta amani, naye akishakionja ndipo wengine wote hutia nyama mdomoni, na ndipo anayehamia huvuka kizingiti. Kidari kikiwa bado mkononi, hakuna kilichokamilika.

Mama alikuwa ameshakiweka juu ya jani la mgomba. Ameshaanza kumwelekea Ndesario, mwanawe mkubwa, aliyeinama akatuma isale. Ndipo ikasikika hodi.

Alikuwa Wakesho. Amekuja na birika.

"Shikamoo mama. Jamani, nimemtafuta huyu bwana tangu jana. Waamuzi walisimama muda mrefu zaidi kwenye ile nafasi aliyoiacha kuliko kwenye kazi yoyote. Wanauliza amelipeleka wapi jani."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, umekuta heri," akasema mama. "Ni isale la Ndesario huyu. Amempelekea mdogo wake."

"Isale lipi, mama?"

"Hilo alilolitundika kwenye mti wako."

Wakesho angeweza kunyamaza. Kwao Taita napo kuna watu wanaojua kunyamaza. Akamtazama Aikande, akaona uso wake, akaelewa nusu tu ya jambo, na ile nusu ikamtoka.

"Mama, nisamehe. Lile nililifunga mimi. Nilikuwa naziba uwazi."

Kifuniko cha chungu kilikuwa kinachezacheza kwa mvuke, na mke wa Ndesario akakishika kwa mkono mtupu bila kusikia moto.

"Hukunitumia?" akauliza Kandaeli.

"Sikukutumia," akasema Ndesario.

"Sasa mbona ulinikaribisha?"

"Ulikuja umelia. Nikwambie nini?"

Kandaeli akasimama. Akatembea mpaka kwenye ule upenyo wa ua, akashika masale mawili, moja kila mkono, hakupita. Mama akamwita.

"Rudi ukae. Isale likishapokelewa halirudishwi."

"Na kama halikutumwa, mama?"

Hapo mama akashusha kidari mapajani. Mila alikuwa anaijua yote, ya kupeleka anaijua, ya kupokea anaijua, ya aliyekataa anaijua na majina ya waliopatwa. Lakini isale lililopokelewa bila kutumwa, bibi yake hakumwambia, wala bibi wa bibi yake. Akakitazama kidari kwa udadisi, kana kwamba chenyewe kingesema.

"Basi," akasema hatimaye, "nitauliza. Mlikula chungu kimoja jana?"

"Tulikula," wakasema wote wawili.

"Kwa hiyo amani ilikuja. Kitu kikija kimeletwa. Nani amekileta? Kila mtu aseme lake, na asiseme la mwenzake."

Akaanza Kandaeli, palepale uani. "Mimi ndiye. Wengine husamehe wakiombwa, mimi nimesamehe sikuombwa. Isale la kutumwa linakulazimisha. Hili halikuwa na nguvu hata kidogo, lilikuwa jani tu. Kwa hiyo nilichosamehe nimesamehe kwa moyo wangu, hata kama sikujua. Nilivuka mimi huu ua. Yeye alikuwa anakata migomba."

"Kweli," akasema mama.

Ndesario akachelewa. Alikuwa anajikuna kiganja. "Mimi sijui kusema. Lakini jana nilikuwa na neno moja mdomoni: sikutuma. Neno la kweli, tena langu. Ningelisema, angerudi kwake na aibu, na angekufa hajanisalimia. Nikalimeza. Nikakubali mbele ya mke wangu na watoto wangu kwamba mimi ndiye mkosaji niliyeomba. Aliyetuma isale huona aibu mara moja, anapotuma. Mimi nimeibeba bila kutuma. Na lile la kwamba ningemwita kwanza, hilo halikufungwa na mtu. Lilikuwa langu."

"Kweli," akasema mama.

"Mimi ni mgeni," akasema Wakesho, "sina haki ya nyama ya ukoo. Lakini mama umesema kila mtu. Mkono uliofunga fundo ni huu. Tawi lililokuwa linaoza nyuma ya zizi, ni mimi niliyelisimamisha likaonekana. Haya, sikukusudia, na mvua nayo haikusudii, lakini mnaishukuru. Na leo nimesema ukweli, nikijua nitalikoroga. Kama mtakula, mtakula mnajua mnachokula. Hilo nimelileta nikiwa najua."

"Kweli," akasema mama, na sauti yake sasa ilikuwa imechoka. Akageuka. "Na wewe?"

Aikande alikuwa ameshika fimbo ya mama. Alifikiri juu ya kupanda na kushuka kwake kote. Alifikiri juu ya lile tundu la bati. Alijua akisema nilikusudia, atakuwa amewacheza kaka zake wawili kama watoto, tena kwa isale, na jambo hilo wazee hawalisamehi kirahisi. Akisema sikukusudia, atakuwa amesema jambo ambalo hana hakika nalo, mbele ya mama yake.

"Mimi nilikata majani," akasema. "Fundo sikufunga. Nilinyoosha kidole tu, nikasema pale. Na alipolichukua, nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Mama, unakohoa," akasema Aikande.

Ndesario akamtazama dada yake kama amemwona leo. Kandaeli akayaachia masale. Wakesho akaweka birika chini. Mama peke yake hakusema kweli, wala hakusema si kweli.

Akajiinua kwenye kigoda, jani la mgomba kiganjani, kidari juu yake. Akaweka mguu mmoja ndani ya kizingiti. "Nikimpa asiyestahili," akasema, "nitakuwa nimehamia kwenye uongo, na afadhali bati langu bovu. Nisipompa mtu, basi hapakuja amani, na chungu hiki ni nyama tu." Akawatazama mmoja mmoja, aliyesamehe bila kuombwa, aliyeomba bila kutuma, aliyefunga bila kukusudia, na aliyenyoosha kidole akanyamaza.

Na masika, ambayo haisubiri wazee wamalize shauri, ikaanza hapo hapo. Tone likagonga bati, likafuatwa na lenzake, kisha yote.

Basi mimi nimewafikisha mlangoni, na mlangoni ndipo nilipomwacha. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa wakati wa Kandaeli, na wewe uliyekuwa unaguna wakati wa Ndesario, na wewe kule nyuma mwenye ndugu usiyemsalimia, usijifiche, semeni sasa. Mama wa watu amesimama mguu ndani, mguu nje, nyama inapoa na mgongo unalowa. Kile kidari, je, nani alistahili?